Uzi Mwekundu na Neno la Kwenye Bango

Makole, Dodoma
Jumapili, upepo mkali

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naongeza shikamoo nyingine kwa ajili ya goti lako la kushoto, maana nimesikia limeanza tena ukorofi wake wa kila kipupwe. Unalipaka mafuta niliyotuma, au yamebaki kwenye chupa kama yale ya mwaka juzi? Kuku wanaendeleaje? Ule mkorosho wa nyuma ya choo umeshatoa maua? Nauliza mengi kwa mpigo kwa sababu ndivyo nilivyo siku hizi, swali moja halijajibiwa nimeshauliza la pili. Mimi mwenyewe ni mzima, ikiwa mtu anayekula vumbi asubuhi na jioni anaweza kuitwa mzima. Upepo wa huku mwezi huu hauna adabu. Unafunga dirisha, ukigeuka unaukuta umeshaingia na umekaa kitandani.

Somoe mdogo wangu, wewe ndiye utakayemsomea mama, kwa hiyo nakuomba usome taratibu, usirukeruke ukitafuta palipotajwa jina lako. Na kaka Shaibu akitokea, kunja karatasi, mwambie ni mambo ya wanawake. Hatauliza tena.

Najua mama unashangaa. Nani anaandika barua siku hizi wakati simu ipo? Lakini simu yako siyo simu, ni redio ya mtaa mzima. Nikipiga, Shaibu anaiweka sauti ya juu, jirani anasogeza kigoda, mpaka mtoto wa jirani ananisalimia. Mambo mengine mtu hawezi kuyasema mbele ya watu wote hao. Ndiyo maana nimeandika, nampa kondakta wa basi, ataiacha kwa mama Fatu pale kwenye chai yake stendi, naye ataileta mkononi mwako.

Nianze na lile linaloniuma. Unakumbuka Shaibu alivyoniambia siku ile? Aliniambia kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Asumini, ile cherehani ya marehemu baba tunaiuza. Inakaa tu inaliwa na kutu. Kuna mtu wa Ndanda keshaiangalia, kabla ya msimu wa korosho anakuja kuichukua." Nikamuuliza, mama anasemaje? Akajibu, "Mama yupo hapa, anakusikia." Basi nikanyamaza ili wewe useme. Nilisubiri, mama. Nilisikia jogoo, nikasikia mtu anatwanga, nikasikia ukikohoa kile kikohozi chako cha kupisha maneno. Hukusema kitu. Kisha Shaibu akaanza kunieleza habari za pikipiki anayotaka kununua, nami nikaitikia kama mjinga, eeh, eeh, mpaka salio lilipokwisha.

Tangu siku hiyo situlii. Nikikaa kwenye mashine nataka kusimama, nikisimama nataka kutoka, nikitoka upepo unanirudisha ndani. Juzi nimeshona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, nikafumua, nikaurudishia palepale pabaya. Mwenye duka letu, Madam Jesca, akaniangalia akasema, "Asumini, una funza makalioni?" Wenzangu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni nilikuwa Masasi, nimesimama barazani kwetu, nimeishika ile cherehani kwa mikono miwili.

Sasa nikueleze mambo ya kazini, maana yameingia humohumo.

Madam Jesca unamfahamu kwa habari zangu. Ni yule mwanamke aliyetoka Dar es Salaam, aliyekuwa akiuza vitambaa kwa majora kule Kariakoo, na serikali ilipohamia huku akahama nayo kwa sababu alijua wakubwa watahitaji suti. Si mtu mbaya. Tukiumwa anatupa ruhusa, na siku za baridi hii ananunua maziwa ya chai kwa hela yake. Ila anapenda sana kuonekana. Mwezi uliopita alileta bango jipya, jeusi, herufi za dhahabu. Chini ya jina la duka limeandikwa neno moja la Kiingereza, kubwa kuliko jina lenyewe: BESPOKE.

Tulimuuliza maana yake. Akasema, "Ni neno la fasheni. Nguo za watu wa maana." Tukaridhika. Wateja wao hawakuridhika. Kila aliyeingia aliuliza. Babu mmoja alikuja na gurudumu la baiskeli begani, ametembea nalo kutoka huko Chang'ombe, akataka spoku. Tulimwelekeza kwa fundi baiskeli, akaondoka anatulaumu kwamba tunaandika vitu tusivyouza.

Katika siku hizohizo aliingia Mzee Salimu. Huyu ni mzee wa Kondoa, Mrangi, mfanyabiashara wa ufuta, mtu wa kanzu safi na kofia aliyoivaa mbele kidogo kama kijana. Nilimwamkia.

"Marahaba binti. Koti la baba wa bibi harusi mnalo?"

"Hatuuzi yaliyokwisha shonwa, mzee. Unachagua kitambaa, tunakupima, tunakushonea."

"Ndilo ninalolitaka. Ya dukani yananibana hapa, yananipwaya hapa." Akajipiga kifuani, kisha akajipiga tumboni. "Yule aliyeyashona hanijui."

Akaanza kupita kwenye vitambaa. Mama, ungemwona ungemkumbuka baba. Hakutazama kwa macho tu. Alikuwa anachukua pembe ya kitambaa katikati ya vidole, anasugua, anasikiliza. Akafika kwenye kipande cha mwisho cha jora la rangi ya kahawia iliyoiva, chenye mstari mwembamba ambao huuoni mpaka kiguswe na mwanga. Hapo akasimama.

"Hiki changu," akasema. "Nakwenda kuuza ufuta wangu, kisha nitarudi unipime. Sasa hivi mavuno yamenikondesha, ukinipima leo koti litanikataa siku ya harusi."

"Hutaki kuacha chochote, mzee?"

"Nimekwisha sema," akajibu, na akaenda zake.

Sikumfuata na kitabu cha risiti. Nilifanya kile ambacho mikono yangu inakijua. Nilikata uzi mwekundu, nikaufunga kwenye pindo la kile kitambaa, mafundo mawili, nikakirudisha rafuni.

Somoe wewe hukumbuki vizuri, ulikuwa mdogo, kwa hiyo nakueleza. Baba alikuwa hivyo. Mteja akichagua kitambaa kwake, awe amelipa au hajalipa, baba alifunga uzi mwekundu pindoni. Baada ya hapo hata angekuja nani na hela mkononi, jibu lilikuwa moja: hicho kina mwenyewe. Siku moja alikuja afisa mmoja na dereva wake, akakitaka kitambaa cha bibi mmoja muuza vitumbua. Baba alimwonyesha uzi tu, kisha akaendelea kupiga pedali. Mama alimgombeza jioni yote kwamba anafukuza riziki. Siyo, mama?

Basi. Siku ya pili yake jino langu lile la nyuma likaamka, nikaenda kulitoa, nikalala nyumbani shavu limevimba kama nimeficha andazi. Niliporudi kazini, kwenye rafu pale palikuwa na nafasi.

"Madam, kile cha kahawia kiko wapi?"

"Kile chenye kasoro?" Alikuwa na furaha. "Nimebahatika kukitoa. Mama Nyemo, yule mwalimu wa Zuzu, nimempa kwa bei ya kutupa."

"Kasoro gani?"

"Asumini, nimeuza majora Kariakoo mimi. Nisijue uzi wa kasoro? Kilikuwa na uzi mwekundu pindoni."

Nilihisi lile pengo la jino linagonga. Maana ni kweli, mama, na mimi nilikuwa nimelisikia jambo hilo lakini sijawahi kulitia maanani. Kwenye majora yanayotoka kiwandani, palipo na nyuzi zilizokatika au doa la rangi wanafunga kiuzi pembeni, ili muuzaji ajue apunguze bei. Kwa Madam uzi mwekundu ni ugonjwa wa kitambaa. Kwetu sisi uzi mwekundu ni mtu.

"Ule uzi nimeufunga mimi," nikasema. "Kina mwenyewe. Mzee mmoja wa Kondoa."

"Umefunga kasoro kwenye kitambaa changu?"

"Siyo kasoro. Ni alama."

"Alilipa?"

"Hapana."

"Aliacha kidogo?"

"Hapana. Alisema."

Madam akacheka, tena bila ubaya, kama unavyomcheka mtoto. "Asumini, hapa ni mjini. Akija mwonyeshe kingine."

Hakuna kingine kama kile. Kilikuwa kipande cha mwisho. Siku nzima nilikuwa nakwenda mlangoni na kurudi. Kila nikimwona mwenye kofia anavuka barabara, moyo unaruka. Nilijiambia, Asumini, mzee wa watu atachagua cha bluu, maisha yataendelea, kwani wewe ni nani? Lakini halikuwa koti tu lililokuwa linaniwasha. Nilikuwa na hasira, mama, na hasira yenyewe sikujua niielekeze wapi.

Jumamosi mchana nilipotoka kazini nikapanda bodaboda mpaka Zuzu. Sikumuaga Madam. Nilimkuta Mama Nyemo chumba cha mbele, mlango wazi, kitambaa changu, nasema changu, kimetandazwa mezani na yeye anakipiga pasi. Nilimwamkia kwa Kigogo, kile kidogo ninachokijua.

"Mbukwenyi!"

"Mbukwa! He, nani kakufundisha, wewe Mmakua?" Akaweka pasi pembeni. "Karibu. Umekuja kunipimia mume wangu hukuhuku?"

Akanipa kiti na karanga za kuchemsha. Nilizila mbili nikashindwa. Nikamweleza yote, haraka haraka, nikirudia mengine, jino, uzi, kiwanda, baba. Alinisikiliza kama wanavyosikiliza walimu, kichwa kimeinama upande, unajua kabisa anahesabu makosa.

"Nami nimenunua," akasema nilipomaliza. "Nimelipa. Mume wangu ameshakiona na ameshakipenda, na yeye si mtu wa kupenda kitu upesi. Kesho kinakwenda kwa fundi wa hapa jirani. Sasa huyo mzee wako ana risiti?"

"Hana."

"Ana nini?"

"Alisema tu, mwalimu. Alisema, hiki changu."

Akacheka. Kisha akakitazama kitambaa, akanitazama mimi.

"Alisema," akarudia. "Unajua maana ya lile neno lililoandikwa kwenye bango lenu?"

Nikamjibu alivyosema Madam, nguo za watu wa maana.

"Siyo hivyo. Mimi nafundisha Kiingereza, nililiona siku ile nikacheka peke yangu, nikajua hakuna aliyelichunguza." Akavuta kiti. Mama, nakuandikia kama alivyonieleza, na Somoe asome hapa mara mbili. Alisema neno lile halikuanza kuwa la nguo hata kidogo. Limezaliwa kutoka kwenye neno lao la kusema. Zamani za kale, kulisema jambo namna hiyo ilikuwa ni kulisemea mapema, kuagiza, kuweka miadi. Viatu viliweza kusemwa hivyo, chumba cha kulala wageni kiliweza kusemwa hivyo. Sasa mafundi nguo wa Uingereza wenyewe wanasimulia kwamba madukani mwao majora yalikuwa yanakaa pale pale mbele ya wateja, kila mtu anaona, kila mtu anagusa. Mteja akisimama mbele ya kitambaa akasema hiki ndicho, basi fundi alikuwa akiwaambia wengine, samahani, hicho kimeshasemwa. Hakijakatwa bado, sindano haijakigusa, lakini kimeshasemwa. Ndipo nguo iliyoshonwa kwa kitambaa hicho, kwa mwili wa mtu huyo mmoja, ikaitwa kwa neno hilo.

"Siku hizi wanalibandika kwenye kila kitu," akasema. "Keki, pazia, harufu ya manukato. Ukitaka kuongeza bei unaliandika. Lakini ndani yake lina mtu aliyesema na mtu mwingine aliyesikia."

Nimefanya kazi chini ya neno lile wiki hizo zote, nalifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa kibichi, na kumbe ndilo lilelile la baba.

"Haya, nikuulize," akasema Mama Nyemo. "Huyo mzee alipokuwa anasema, nani alimsikia?"

"Mimi."

"Mwingine?"

"Hakuna. Mimi tu."

"Basi risiti yake ni wewe."

Akaanza kukikunja kitambaa, taratibu, pindo kwa pindo. "Na usidhani nafurahi," akaniambia. "Mume wangu ataninunia mpaka Jumatano. Mwambie bosi wako Jumatatu nakuja, arudishe hela yangu, na kwa chai hiyo atakayoninywesha anitafutie kitambaa kingine cha maana, kisicho na uzi wa mtu."

Nilirudi nimekipakata. Upepo ulikuwa unanipiga usoni, nikakifunika kwa khanga kama mtoto mchanga. Nilitakiwa nifurahi. Badala yake njia nzima nilikuwa nasikia kile kikohozi chako, mama.

Mzee Salimu alikuja siku chache baadaye. Kweli alikuwa amenenepa mashavu. Hakuuliza kama kitambaa bado kipo. Hata mlangoni hakusita. Aliingia, akaitikia shikamoo yangu, akasema, "Nimekuja kwa kile changu," akanyanyua mikono nimpime. Mama, nilimpima mabega huku macho yananichoma, nikasingizia vumbi. Hakujua kitambaa chake kilikwenda Zuzu kikapigwa pasi kikarudi. Sikumwambia. Kwa nini nimwambie? Kwake yeye hakuna kilichotokea. Alisema, na fundi alisikia, basi.

Koti nimelishona kwa mkono wangu, hakuna mwingine aliyeligusa. Limemkaa. Amenialika harusini Kondoa na sitaweza kwenda, lakini ameahidi kunitumia kibuyu cha asali, na kwa yule mzee najua kibuyu kitafika.

Madam alirudisha hela, akamnywesha mwalimu chai, akamwonyesha vitambaa vyote vya duka. Mwalimu alipotoka, Madam alinigeukia. Hakufoka. Alisema hataki tena kuona uzi kwenye mali yake, kwamba kwake mtu ni risiti na asiye na risiti hayupo. Nikamwambia, Madam, basi lifute lile neno kule nje. Akauliza kwa nini. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wazungu hao walikuwa hawalipi kodi ya fremu Dodoma." Tukacheka wote wawili, lakini nilijua hapo hapo kwamba muda wangu pale umekwisha. Nitamaliza mwezi.

Kuna chumba kidogo cha duka Chang'ombe, kinatazama barabara ya vumbi, mlango wa bati, jirani upande mmoja ni muuza mchele na upande mwingine ni kinyozi. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, amekubali kunishikia mpaka mwezi ujao. Wateja nitapata, wengine wameshaniambia watanifuata. Nina mkasi, nina futi, nina pasi ya mkaa. Kilichobaki ni cherehani. Najua utasema nidundulize ninunue hizi mpya. Nimezijaribu, mama, zina kelele kuliko kazi, zikikutana na kitambaa cha koti zinakohoa. Lakini hata zingekuwa nzuri namna gani, mimi sitaki. Nataka ile. Nataka ile ya baba, na nasema wazi bila kuzunguka, kwa sababu ni yangu.

Nakukumbusha, na kama imekuuma nisamehe. Baba alikuwa amelazwa kwenye mkeka barazani ili apate hewa. Mimi nilikuwa nakunja nguo za wateja ambazo hakuwahi kuzimaliza. Wewe ulikuwa umekaa karibu na nguzo, unachambua kisamvu. Shaibu alikuwa shambani, Somoe shuleni. Baba akaniambia, nipe uzi. Nikampa mweupe, akautupa. Nikampa mwekundu. Akajikokota, ukamgombeza, hakusikia, akaifikia cherehani na kuufunga ule uzi shingoni mwake, mafundo mawili. Akasema, "Hii ya Asumini. Nimekwisha sema."

Na wewe mama ulijibu. Unakumbuka ulivyojibu? Ulisema, "Haya, tumesikia, sasa rudi ulale."

Ulisema tumesikia.

Sikulaumu kwa kunyamaza. Hapana, nakulaumu, kwa nini nikudanganye? Usiku silali kwa sababu ya kunyamaza kwako. Najua Shaibu ndiye anayekuletea maji na kuni, najua ndiye anayekupeleka hospitali na goti lako, na mimi niko mbali natuma mafuta ya kupaka. Najua ukimpinga atanuna na nyumba itakuwa nzito. Mimi sitaki umfukuze wala umwaibishe mbele ya watu. Pikipiki atapata, mimi mwenyewe nitamsaidia nikisimama. Lakini yule mtu wa Ndanda akija, na Shaibu akaishika cherehani upande mmoja na yeye upande mwingine, hakuna karatasi utakayoweza kumwonyesha. Baba hakuandika. Aliyesema hayupo tena. Mimi wakinisikia watasema najisemea mwenyewe.

Umebaki wewe, mama. Yule mwalimu wa Zuzu hakujua alikuwa ananiambia habari za nani aliposema lile neno la risiti.

Nikomee hapo, karatasi inakwisha na Somoe ameshachoka. Nisalimie mjomba Chande, mwambie kofia yake naishona na safari hii haitamfunika masikio. Msalimie bibi wa jirani anayesikiliza simu zetu, mwambie leo amekosa. Msalimie mama Fatu aliyeitunza barua hii, na shangazi zangu wa Ndanda. Msalimie kaka Shaibu. Mwambie dada yake hamchukii, na suruali ya sikukuu nitamshonea mimi, asinunue ya mtumba. Somoe, wewe kitenge chako nimeshakifunga uzi.

Mama, ndani ya bahasha kuna kiuzi chekundu kirefu kama kiganja chako. Nenda kaiangalie cherehani. Kama ule wa baba bado upo, hiki kishonee kifungo. Kama umeoza au umekatwa, funga hiki palepale shingoni, mafundo mawili. Shaibu akikuuliza ni wa nini, usikohoe. Mwambie.

Ni mimi, mtoto wako wa barazani,

Asumini